Wanawake wa Kihabeshi kwenye filamu na video za mtandaoni: tumezijadili sura zao vya kutosha, leo tujadili kazi zao

MLETA UZI

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mara humu jukwaani huibuka uzi wa warembo wa Kihabeshi. Picha zinamwagwa, vinafuata vipande vya video vya wasichana wakitikisa mabega kwa eskista, halafu kurasa kwa kurasa watu wanajadili pua, nywele na rangi ya ngozi. Sijaona mtu akiuliza wanawake hawa wenyewe wametengeneza nini. Wameongoza filamu, wameandika miswada, wametayarisha vipindi, na baadhi ya kazi hizo zimenikosesha usingizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwanza tujue kwamba kuwatazama hivi kuna historia, na si nzuri. Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, Italia nzima iliimba "Faccetta nera", wimbo unaomwahidi binti wa Kihabeshi kwamba askari wako njiani kumkomboa na kumletea sheria mpya na mfalme mpya. Picha za wasichana wa Eritrea wakiwa vifua wazi zilisambazwa kama kadi za posta. Mwaka 1937 serikali ile ile ikatunga sheria ya kumwadhibu Mwitaliano anayeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni, na 1940 ikamzuia baba wa Kiitaliano kumtambua mtoto aliyezaa naye. Sura ya binti ilitumika kuwavutia vijana vitani, damu yake ikakataliwa.

Vita viliisha, macho yakabaki yale yale. Zeudi Araya alizaliwa Dekemhare, Eritrea, 1951, akawa Miss Eritrea 1969, na 1972 akatoka kwenye filamu ya Kiitaliano iliyompa jina, La ragazza dalla pelle di luna. Humo anacheza binti wa Shelisheli! Kutoka nyanda za juu za Eritrea hadi visiwa vya Bahari ya Hindi ni mbali, lakini kwa mwenye kamera ilitosha kwamba ni mzuri na ni mweusi. Baadaye mama huyu alihamia upande wa pili, akawa mtayarishaji wa filamu Italia. Jambo hilo halitajwi sana, ila picha zake za ujana zinazunguka mtandaoni mpaka leo.

Sasa filamu yenyewe niliyotaka kuwaambia: Difret, ya 2014. Mwongozaji ni mwanamume, Zeresenay Berhane Mehari, na mmoja wa watayarishaji ni Mehret Mandefro, mwanamke wa asili ya Ethiopia ambaye ni daktari wa tiba kwa taaluma. Hirut ana miaka 14. Anatoka shule, wanaume juu ya farasi wanamzingira porini, wanamchukua. Hiyo ndiyo telefa, desturi ya kumteka binti ili awe mke. Anafungiwa kibandani, anabakwa. Akipata mwanya anabeba bunduki ya mtekaji na kukimbia, na wanapomkaribia anafyatua. Mtekaji anakufa. Kuanzia hapo binti ni mshtakiwa wa mauaji.

Kuna kikao cha wazee chini ya mti, wanaume watupu, wanajadili kama binti naye auawe. Anasimama huyu anasema, anakaa, anasimama yule. Hakuna anayefoka. Wanaongea kwa adabu kabisa, kwa mpangilio, kama wanaamua mpaka wa shamba, na binti mwenyewe hayupo. Niliwatambua wale wazee. Vikao vya namna hiyo sote tumekulia pembeni yake.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1996 binti aitwaye Aberash Bekele alitekwa, akampiga risasi mtekaji wake. Aliyesimamia utetezi wake ni wakili Meaza Ashenafi wa chama cha wanasheria wanawake wa Ethiopia, chama kilichoanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Kwenye filamu Meaza anachezwa na Meron Getnet, na binti anachezwa na Tizita Hagere. Mahakama ilikubali kwamba Aberash alijitetea, akaachiwa. Wakati huo sheria ya jinai ya 1957 bado ilikuwa inamfutia kosa mtekaji akimuoa aliyemteka, hadi kanuni mpya ya 2004 ilipoondoa kichaka hicho. Novemba 2018 Meaza akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho.

Ila kuna upande mwingine ambao wapenzi wa filamu hii huuruka. Septemba 2014, siku ya uzinduzi Addis Ababa, wageni wakiwa wameshaketi, ikaja amri ya mahakama kuzuia onyesho. Aberash alikuwa amekwenda kulalamika kwamba maisha yake yametumika bila ridhaa yake. Filamu ilikuwa imeshapata tuzo ya watazamaji kwenye matamasha ya filamu ya Sundance na Berlin, jina la Angelina Jolie limo kama mtayarishaji mkuu, dunia inapiga makofi, na mwenye kisa yuko nje ya mlango. Zuio liliondolewa baadaye. Mimi naipenda Difret kwa moyo wote, na bado naona Aberash alikuwa na haki ya kudai. Alichukuliwa kwa nguvu utotoni, akachukuliwa tena kisa chake ukubwani, mara hii na watu wenye nia njema. Ningependa wadau tujadili hapo.

KIBARAZANI

Dada, uzi mzuri, lakini usitufanye sisi wote Mussolini. Mtu kusifia uzuri ni kosa? Wahabeshi wenyewe wanajipamba na kujirekodi. Nenda TikTok uone.

MLETA UZI

Mkuu Kibarazani, kusifu si kosa, na kujipamba ni haki yao. Ninacholalamikia ni kuishia hapo.

Kwa kuwa umetaja uzuri, tafuta Price of Love ya 2015. Mwongozaji ni mwanamke, Hermon Hailay, aliyekulia Addis Ababa kwenye mtaa ambao wanawake wanaouza miili walikuwa majirani zake. Kijana dereva wa teksi anakutana na msichana wa kazi hiyo usiku, anaingilia ugomvi wake na mwanaume anayetaka kumsafirisha Uarabuni, na teksi ambayo ndiyo riziki yake inaibwa. Msichana ni mzuri, ndiyo. Lakini Hermon anatuonyesha jinsi uzuri wenyewe unavyopangiwa bei na watu wengine, nani anakula humo, na yeye anabaki na nini. Filamu ilikwenda FESPACO, tamasha la filamu la Afrika kule Ouagadougou, na ikatoka na tuzo ya Umoja wa Ulaya.

Na kuhusu video wanazojirekodi, mimi ni mtazamaji wao mkubwa. Zile za buna, yaani kahawa ya kikao, ndizo nazipenda kuliko zote: nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, dada kakaa kwenye kigoda na gauni jeupe lenye pindo za rangi, anakaanga kahawa mbichi kwenye kikaango, anampitishia kila mgeni moshi usoni anuse, kisha jebena, birika la udongo, inatua kwenye makaa na ubani unafuka pembeni. Wapo wanaoweka kamera juu ya meza na kuongea saa nzima wakimimina raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Humo ndani wanazungumza talaka, kodi ya nyumba, mtoto aliyevuka kwenda Libya. Sisi tunakata sekunde kumi za uso, tunatupia humu. Maongezi yote yamebaki kule.

MKAAZI WA EASTLEIGH

Nipo Nairobi, Wahabeshi na Waoromo ni majirani zangu kabisa. Nitaweka angalizo: wengi wa majirani zangu Waoromo ukimwita Mhabeshi anakasirika. Kwao hilo ni jina la Waamhara na Watigrinya, na kuna uchungu wa historia hapo. Usije ukawaweka wote kapu moja. Halafu mbona hujamtaja Tiffany Haddish, yule mchekeshaji wa Marekani?

MLETA UZI

Asante sana ndugu yangu, angalizo limepokelewa na ni la msingi. Kwa sababu hiyo hiyo Faya Dayi ya 2021 nitaieleza peke yake, si kama filamu ya Kihabeshi. Jessica Beshir ana mama Mmeksiko na baba Muethiopia, alikulia Harar, akaondoka akiwa kijana kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa. Alirudi na kamera na kupiga picha kwa takriban miaka kumi. Wahusika wake ni Waoromo na Waharari, na lugha ni zao. Somo lake wewe wa Kenya utalijua kuliko mimi: mirungi, nyinyi mnaita miraa. Picha yote ni nyeusi na nyeupe. Mashina yanakatwa, yanafungwa matita, watu wanapokezana mizigo usiku kwa haraka maana jani likinyauka limekosa bei, na vijana wanakaa wanatafuna huku wakiwaza kuvuka bahari. Usitegemee mwongozo wa sauti unaokueleza kila kitu. Mara ya kwanza unaweza kuchoka, vumilia. Ilifika kwenye orodha ya mchujo ya Oscar upande wa filamu za makala.

Tiffany Haddish nilikuwa nitamfikia. Baba yake ni Mweritrea, na Machi 2018 alipanda jukwaa la Oscar na zuria, vazi la Kieritrea, kwa heshima ya baba. Mei 2019 akapewa uraia wa Eritrea. Nilifurahi kuliona lile vazi pale. Pia nawaelewa Waeritrea wa ughaibuni waliokasirika alipokwenda kukumbatiana na serikali ambayo wao wameikimbia kwa miguu. Ruth Negga naye alizaliwa Addis Ababa, baba daktari Muethiopia, mama muuguzi wa Ireland, na aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Loving. Hao wawili wanasemwa kila mahali, mimi niwapishe wengine.

Wengine wenyewe ni hawa. Salem Mekuria, mzaliwa wa Addis Ababa, aliyekuwa profesa wa Wellesley College Marekani. Mwaka 1991 alitoa Sidet, kuhusu wanawake waliokimbilia Sudan kutoka Ethiopia na Eritrea. Kisha miaka ya 1990 hiyo hiyo akatoa Ye Wonz Maibel, yaani gharika. Humo anamtafuta kaka yake aliyepotea na anamlilia rafiki yake kipenzi aliyeuawa, wote wawili watoto wa kizazi cha wanafunzi walioshangilia kuanguka kwa Haile Selassie 1974, kisha mapinduzi yakawageukia.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, 2020, Tamara Mariam Dawit, Mkanada mwenye baba Muethiopia, anatoa Finding Sally. Akiwa mtu mzima ndipo anagundua kuwa alikuwa na shangazi ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Sally, binti wa familia ya kibalozi, aliyelelewa kwenye raha, alirudi Ethiopia, akaingia EPRP, chama cha siri kilichokuwa kinapambana na Derg, serikali ya kijeshi iliyomng'oa Haile Selassie, akaenda mafichoni na hakuonekana tena. Tamara anawakalisha shangazi zake waliobaki, wanawake wenye umri mkubwa, na kuwauliza. Wanajibu kwa kusitasita. Unaona kabisa kwamba kwa miongo minne wamekula chakula pamoja, wamezika na kuozesha, na jina hilo halijapita midomoni mwao.

Mmoja alikuwepo, mwingine hakuwa amezaliwa. Zitazameni mfululizo, Salem kwanza. Ule Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978, Derg ilipoua wapinzani wake, tuliousoma kwenye kitabu cha historia kwa aya moja, hapa una majina na picha za ukutani. Na angalieni nani amefanya kazi hiyo ya kukumbuka: dada na mpwa.

BINTI PEMBA

Assalaam alaikum dada mleta uzi. Mimi nimefanya kazi za ndani Muscat. Nyumba ya jirani alikuwepo Muethiopia, tukikutana kwenye kutupa taka. Hakuwa na Kiarabu kingi, wala mimi, tukazungumza kwa simu yake: ananionyesha video za kwao, nami za kwetu. Usiku akirekodi video chooni, sauti ya chini, anamtumia mama yake, anasema yuko salama. Hakuwa salama. Naomba uandike na hili la Uarabuni, maana video za wanawake wao zinazosambaa zaidi ni zile za mateso.

MLETA UZI

Waalaikum salaam dada yangu. Pole, na ahsante kwa kulisema.

Ni kweli tupu. Februari 2012 mbele ya ubalozi mdogo wa Ethiopia mjini Beirut mtu alimrekodi Alem Dechasa, mama wa watoto wawili, akiburutwa kwa nguvu kuingizwa garini huku analia. Runinga ya Lebanon ikairusha, dunia ikaitazama. Siku chache baadaye alijiua akiwa hospitalini. Mwaka 2017 mwajiri nchini Kuwait alimrekodi mfanyakazi wake Muethiopia akining'inia dirishani ghorofa ya saba akiomba ashikwe mkono. Mkono uliokuwa unashika simu haukumshika yeye. Alianguka, akanusurika, na mwajiri akakamatwa. Video hiyo ililetwa hadi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na watu wakaituma mbele kama kitu cha kawaida.

Lakini Beirut hiyo hiyo kulikuwa na Rahel Zegeye. Mfanyakazi wa ndani, Muethiopia. Alijibana mshahara wake, akaandika na kuongoza filamu, akaiita Beirut. Waigizaji walikuwa wafanyakazi wa ndani wenzake, watu ambao siku yao huru ni Jumapili, tena kwa anayeruhusiwa kutoka. Hakutaka kuwaonyesha kama watu wa kuhurumiwa tu. Aliweka mapenzi yao, ugomvi wao, wanaotoroka kwa waajiri na wanachokutana nacho mtaani, makosa yao pia. Huyu mimi namweka juu ya wote niliowataja. Hakuwa na shule ya filamu wala mfadhili, na saa zake zilikuwa za mtu mwingine.

Wapo pia Egna Legna Besidet, chama kilichoanzishwa 2017 na Banchi Yimer, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa ndani Lebanon. Juni 2020 uchumi wa Lebanon ulipoporomoka na waajiri wakawashusha wafanyakazi wao na mabegi nje ya ubalozi mdogo, wanachama hao walikuwa wanatafuta vyumba na chakula huku wakirekodi na kusambaza ushahidi. Sura zile zile za barabarani, ila anayeongea kwenye video ni mmoja wao, kwa Kiamhari, akieleza kinachotakiwa na nani wa kupigiwa.

Dada BINTI PEMBA, na wanawake wa Kenya, Uganda na kwetu wako kwenye nyumba hizo hizo. Ningetamani siku moja nione filamu ya Kiswahili iliyoandikwa na aliyekuwa ndani.

MWALIMU DODOMA

Kwa sisi wenye watoto, kuna chochote cha kuwaonyesha? Maana hizi zote ni nzito.

MLETA UZI

Mwalimu, kipo, tena cha mwalimu mwenzako. Bruktawit Tigabu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Addis Ababa. Yeye na mumewe walianza nyumbani, na vikaragosi vya kushona kwa mkono, na 2006 kipindi chao cha Tsehai kikaanza kurushwa kwa Kiamhari. Tsehai ni twiga mdogo anayeuliza maswali. Kabla ya hapo watoto wadogo wa Ethiopia, ambao hawajaanza shule, hawakuwa na kipindi chao cha kujifunzia kwa lugha hiyo. Baadaye akatengeneza Tibeb Girls, katuni ya wasichana watatu wenye uwezo wa ajabu wanaopambana na mambo kama ndoa za utotoni na aibu ya hedhi. Sisi Ubongo Kids ilianza 2014 hapa Dar es Salaam. Ukiwaona watoto wako wanavyoimba hesabu za Kibena na wenzake, utaelewa Tsehai alivyo kwao.

Kwa wakubwa kidogo kuna Yegna, tamthilia ya redio na muziki ya wasichana watano iliyoanza 2013. Fedha nyingi zilitoka serikali ya Uingereza. Magazeti ya huko yakawabandika jina la Spice Girls wa Ethiopia, yakapiga kelele kwamba kodi inaliwa na bendi ya wasichana, na Januari 2017 ufadhili ukakatwa. Wachache kati ya waliopiga kelele walijisumbua kusikiliza hata kipindi kimoja, ambamo binti anapigwa na baba yake na marafiki wanatafuta namna ya kumtoa. Yegna haikufa, ilirudi ikiwa tamthilia ya runinga.

KIBARAZANI

Nimesoma yote. Difret nimeianza jana usiku, nimeishia kwenye kile kikao cha wazee, nimezima. Babu yangu alikuwa anakaa vikao hivyo. Nitaimalizia. Swali: filamu za Kiamhari zimejaa YouTube nzima nzima, ila hazina maandishi chini. Unazitazamaje?

MLETA UZI

Mkuu, nimefurahi mno kusikia hivyo.

Nyingi kweli hazina tafsiri. Zile zilizopita kwenye matamasha, kama Difret, Price of Love, Faya Dayi na Finding Sally, zina maandishi ya Kiingereza. Za sokoni, zile zilizokuwa zinajaza kumbi za Addis Ababa, ndizo ngumu. Mimi huanza na za Kidist Yilma, mwandishi na mwongozaji mwanamke, hasa Rebuni. Natazama pamoja na rafiki anayejua Kiamhari, tunasimamisha kila baada ya muda ananieleza. Kama kuna mdau humu anayejua Kiamhari au Kitigrinya na yuko tayari tushirikiane kuandika maandishi ya Kiswahili chini ya filamu fupi moja, kwa ruhusa ya mwenye kazi, aniandikie pembeni. Mkaazi wa Eastleigh, hebu waulize majirani.